Gene Myers na Kitabu Kilichochanwa

Chukueni nakala kumi za kitabu kimoja, zichaneni ovyo vipande vidogo vidogo, kisha mvichanganye vyote. Mtu aambiwe akipange kitabu kama kilivyokuwa. Atatafuta vipande vyenye maneno ya kushirikiana, kwani nakala hii ilichanika hapa na ile pale. Lakini akikuta kiitikio cha kasida kinachorejea mara mia, atakiweka wapi?

Mas'ala hayo ndiyo yaliyomshughulisha Gene Myers, bingwa wa elimu ya kompyuta, aliyezaliwa Idaho, Marekani, mwaka 1953. Alipata shahada ya udaktari huko Colorado mwaka 1981, akasomesha Arizona. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa nadharia: vipi neno litafutwe upesi katika maandishi marefu. Mwaka 1990 yeye na wenzake wanne walitoa programu ya BLAST, ya kulinganisha maandishi ya urithi yaliyomo miilini mwa viumbe.

Maandishi hayo kwa mwanadamu ni herufi kiasi cha milioni elfu tatu, na mashine za siku zile zilisoma kama 500 tu kwa mara moja. Mradi wa serikali, ulioanza 1990, uliyagawa kwanza mafungu kwa ramani. Mwaka 1997 Myers na James Weber wakashauri yachanwe yote kwa pamoja, kompyuta ipange. Phil Green, naye bingwa wa fani hiyo hiyo, akawajibu kwa maandishi kuwa viitikio ni vingi mno. Na hoja yake haikuwa ya kijinga.

Myers alitegemea jambo moja: kila kipande kirefu kisomwe ncha zake mbili, na umbali baina yao ujulikane. Ncha moja ikiangukia kwenye kiitikio, ya pili huonyesha mahali pake. Mwaka 1998 akaingia kampuni ya Celera, na Machi 2000 wakatoa maandishi ya nzi wa matunda, yule mdogo azungukaye ndizi mbivu: herufi kiasi cha milioni 120, kutokana na vipande zaidi ya milioni tatu. Hapo njia yake ikathibiti.

Ya mwanadamu yakafuata 2001, lakini insafu yataka tuseme kuwa Celera walichanganya humo na yale yaliyosomwa na mradi wa serikali. Mwaka 2002 wakubwa wa mradi ule, akiwamo John Sulston, waliandika kuwa huo si ushahidi safi. Myers na wenzake wakajibu.

Baadaye alisomesha Berkeley, kisha akahamia Dresden, Ujerumani. Ama vile viitikio vigumu kabisa vya mwanadamu, havikusomeka mpaka zilipopatikana mashine za kusoma maelfu ya herufi kwa mara moja, na kazi hiyo ikatangazwa mwaka 2022.