Kabla Hujang'oa Giaboksi ya Triumph

Ukiingia kwenye zile Toyota otomatiki za miaka ya tisini, utakuta kitufe kidogo kwenye mkono wa gia. Ukikigusa bila kujua, maandishi "O/D OFF" yanawaka kwenye dashibodi na abiria wa mbele anauliza kama gari imeharibika. Wala haijaharibika. Umezima tu ovadraivu, gia ya juu inayoupunguzia mtambo kazi barabara ikinyooka. Ila kwa wapenzi wa magari ya zamani ya Uingereza, jina hilo ni la kifaa kingine kabisa, kilichotoka Sheffield.

Aliyekibuni ni Edgar de Normanville, mhandisi aliyekuwa pia mwandishi wa habari za magari. Kampuni ya Laycock ikakiunda, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia kikaanza kufungwa kwenye Standard Vanguard, gari ya familia isiyo na mbwembwe. Mambo yalinoga kilipoingia kwenye magari ya spoti: Austin-Healey, Jaguar, na Triumph TR2 ya 1953. Chukua hizo TR. Giaboksi yake ilikuwa na gia nne tu, na kwenye maili 70 kwa saa (kama kilomita 113) injini ilizunguka mara 3,500 hivi kwa dakika. Bonyeza swichi, inashuka hadi karibu 2,900, na klachi hujaigusa. TR2 za mwanzo zilikipata kwenye gia ya nne pekee. Baadaye kikafanya kazi kwenye ya pili, ya tatu na ya nne, kwa hivyo dereva akawa na gia saba za mbele. Saba, miaka ya hamsini!

Kifaa chenyewe hukaa nyuma ya giaboksi na hutumia oili ileile. Ukibonyeza swichi, solenoidi, yaani sumaku ya umeme, huvuta mkono mdogo unaofungua valvu. Oili yenye presha husukuma pistoni, nazo husogeza klachi yenye umbo la koni mpaka ishikwe na pete ya breki. Gia ya katikati inasimama, zile ndogo zinaizunguka, na shafti ya kutokea inakimbia kuliko ya kuingilia.

Sasa siku moja ovadraivu inagoma. Hapa ndipo pesa nyingi za wenye TR zimepotelea. Mtu anasikia neno "oili yenye presha", anaamini pampu imekufa, anaamua kushusha kila kitu. Kwenye TR giaboksi inatolewa kupitia ndani ya gari: viti nje, kapeti nje, kifuniko cha katikati nje. Ni kazi ya kuumiza mgongo, na mara nyingi ugonjwa ulikuwa waya uliolegea au swichi iliyoota kutu.

Kwa hivyo anza na sikio. Injini ikiwa imezimwa, washa umeme wa gari, weka gia ya nne, bonyeza swichi. Ukisikia "tak" chini ya gari, umeme unafika. Kimya? Fuata nyaya, rilei, na swichi ndogo iliyo juu ya giaboksi inayozuia ovadraivu kwenye gia zisizofaa.

Kama "tak" ipo na bado haishiki, pima oili, kisha angalia ule mkono mdogo. Una tundu. Solenoidi ikivuta, tundu hilo lazima lilingane na lingine kwenye kasha, kiasi kwamba pini ya inchi 3/16 inapita. Usilipuuze hili. Ndani ya solenoidi kuna koili mbili: moja yenye nguvu ya kuvuta, nyingine ya kushikilia tu. Mkono ukiwa umekaa vibaya, solenoidi haimalizi safari yake, ile koili ya kuvuta haizimiki, na inaungua. Mwenye gari ananunua mpya, nayo inaungua. Wa kulaumiwa si solenoidi.

Ubovu wa kuogopwa zaidi ni ule wa kushika na kukataa kuachia. Valvu ina kitundu chembamba sana cha kutolea presha, na uchafu kidogo tu ukikiziba, koni inabaki kwenye breki. Ukiwa hivyo, usirudi nyuma hata hatua moja. Ndani mna klachi nyingine inayokubali kuzunguka upande mmoja tu, na ukiweka rivasi inajifunga huku gia ya katikati bado imeshikwa. Vitu viwili vinavutana, na kimoja lazima kivunjike.

Giaboksi za gia tano zilipozoeleka, kifaa cha Sheffield kikakosa kazi. Volvo waliendelea nacho kwenye 240 hadi miaka ya themanini, na swichi yake wakaiweka juu kabisa ya mkono wa gia, pale kidole gumba kinapofikia.