Seli Zilizoshiba

Ukitafuta neno "mast" kwenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili utapewa mlingoti wa jahazi, na hautakusaidia kitu. Neno lenyewe ni la Kijerumani, na linahusu kulisha mifugo mpaka inenepe. Aliyelichagua ni Paul Ehrlich, mwaka 1878, akiandika tasnifu yake ya udaktari kule Leipzig. Alikuwa na miaka 24. Chini ya hadubini aliona seli zilizojaa punje hadi pomoni, akadhani zimekula zikavimbiwa. Akaziita Mastzellen, yaani seli zilizoshiba.

Kumbe hazikuwa zimeshiba chochote. Zile punje si chakula, ni ghala la silaha: histamini, heparini, triptasi na kemikali nyingine ambazo seli hutema pale mwili unapovamiwa. Lakini jina lilishabandikwa, na karibu miaka 150 baadaye ndilo hilo lililoandikwa kwenye faili yangu. Daktari alisema nina ugonjwa wa seli za masti kujiamsha ovyo, ule unaofupishwa MCAS. Kabla ya hapo nilikuwa na majina mengine. Taifodi, mara tatu. Vidonda vya tumbo. Stresi. Shangazi yangu alikuwa na jina lake pia, lakini hilo lilihitaji mchungaji.

Ndiyo maana nikaanza kusoma historia. Mtu akikupa jina jipya la mwili wako, unataka kujua limetoka wapi na nani aliamua.

Limetoka kwenye rangi za nguo. Mwaka 1856, kijana wa London wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini haikutoka. Ikatoka rangi ya zambarau iliyoshika hariri vizuri, na kutoka hapo viwanda vya rangi vikafumuka Uingereza na Ujerumani. (Malaria yetu ina mkono kila mahali.) Ehrlich alipenda rangi hizo kupita kiasi. Alichogundua ni kwamba kila sehemu ya mwili ina rangi inayoikubali, na punje za seli hizi zilikuwa na tabia ya ajabu: zinaigeuza rangi, buluu ikielekea zambarau yenye wekundu. Bila kiwanda cha nguo, asingeziona.

Sasa, miaka tisa kabla yake, mwaka 1869, Edward Nettleship aliandika kule London kuhusu mtoto wa kike wa miaka miwili mwenye madoa ya kahawia mwilini. Ukiyasugua yanavimba na kuwasha. Nettleship naye alikuwa na miaka 24. Mwaka 1878, mwaka uleule wa tasnifu ya Ehrlich, daktari mwingine wa London, Alfred Sangster, akaupa ugonjwa huo jina, urticaria pigmentosa. Hebu fikiria: London kuna ugonjwa usio na sababu, Leipzig kuna seli isiyo na ugonjwa, na hakuna anayejua vitu hivyo viwili vinahusiana. Ilibidi kusubiri mpaka 1887, Paul Gerson Unna wa Hamburg alipokata kipande cha ngozi yenye madoa, akakipaka rangi na kukuta kimejaa seli za masti.

Miaka 18 kutoka mtoto yule hadi jibu. Mimi nilisubiri sita, na niliona ni mingi.

Kilichofuata kilienda polepole. Mwaka 1910 Henry Dale na Patrick Laidlaw walieleza kazi ya histamini mwilini. Mwaka 1937, Paris, Daniel Bovet na Anne-Marie Staub wakapata kemikali ya kwanza ya kuizuia, babu wa ile Piriton ambayo kila nyumba Kenya inayo kwenye droo. Mwaka 1949 ikathibitika kwamba seli hizi zinaweza kuzidi si kwenye ngozi tu bali hata ndani, kwenye viungo. Na mwaka 1953 James Riley na Geoffrey West, kule Dundee, wakaonyesha kwamba histamini inakaa humo humo ndani ya seli za masti. Yaani dawa ya kuzima moto ilitangulia kujua moto unawashwa wapi.

Lakini hao wote walishughulika na watu wenye seli nyingi kupita kiasi. Sisi wengine seli zetu huenda hazijazidi. Zinalipuka tu: kwa joto, kwa harufu ya rangi mbichi, kwa samaki aliyekaa, kwa sababu ya Jumanne. Vigezo vya kututambua vilipendekezwa mwaka 2010 na Cem Akin, Peter Valent na Dean Metcalfe. M-Pesa ilikuwa na miaka mitatu tayari. Na hata sasa wataalamu hawajaelewana. Kambi moja inataka ushahidi wa damu: triptasi ipande wakati wa shambulio kwa asilimia 20 ya kiwango chako cha kawaida, na juu yake nanogramu mbili kwa kila mililita. Kambi ya pili, iliyochapisha mwongozo wake 2020, inalegeza masharti, na inakubali kwamba wagonjwa huenda wakafika hadi asilimia 17 ya watu. Mimi naona asilimia hiyo ni kubwa mno. Ugonjwa wa kila mtu unaishia kuwa ugonjwa wa hakuna mtu. Ila naelewa kwa nini mgonjwa anakimbilia kambi ya pili.

Maana kambi ya kwanza inataka damu itolewe ndani ya saa nne tangu shambulio lianze, kisha itolewe tena ukishatulia kwa saa 24 au zaidi. Sasa niambie: saa kumi na mbili jioni, uso umewaka, tumbo linakatika, uko kwenye matatu Thika Road na magari hayasongi. Mara ya kwanza nilifika saa tano usiku na muuguzi akaniuliza, "Triptasi ndiyo nini, dada?" Simlaumu. Mara ya pili alikuwepo mwingine aliyesoma barua ya daktari wangu, akapiga simu maabara mwenyewe, na damu ikatoka kwa wakati.

Kiwango kilipanda, lakini hakikufika pale kambi ya kwanza inapotaka. Kilipungukiwa kidogo sana. Daktari wangu amesema turudie shambulio lijalo, na kwa sasa niendelee na vidonge viwili, kimoja cha asubuhi na kimoja cha usiku. Barua nimeilaminishia pale Moi Avenue, iko nyuma ya kitambulisho.