Neno Kuungama

Ukimwuliza Mkristu wa Kasongo au wa Kabambare maana ya kuungama, atakujibu mara moja: ni kumwambia padri dhambi zako. Amejibu vema, lakini hajamaliza.

Kiswahili kilifika kwetu na misafara ya wafanya biashara wa pwani. Tippu Tip na watu wake walikaa Kasongo tangu miaka ya 1870, na mji ukatekwa na askari wa Dhanis mwaka 1893. Watu hao wa pwani walikuwa Waislamu, nao walikuwa na neno kukiri, lenye asili ya Kiarabu. Katika sheria yao, mtu akikiri deni mbele ya kadhi, maneno yake mwenyewe yanamfunga.

Kuungama ni ndugu yake kukiri: ni kusema wazi lililo kweli, hata kama litakuletea hasara. Kwa hiyo Kanisa hulitumia neno hilo mahali pawili. Mwanzoni mwa Misa twamwungamia Mungu makosa yetu. Na katika Kanuni ya Imani ya Nisea twaungama ubatizo mmoja. Hapo hatutaji dhambi, twataja imani. Zamani, wakati wa madhulumu ya Roma, Wakristu walioteswa kwa ajili ya dini bila kuuawa waliitwa waungama. Naye Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika karibu na mwaka 400, aliungama dhambi zake na pia sifa za Mungu.

Katika nchi yetu ya Kongo tunaye Mwenye Heri Isidori Bakanja, aliyebatizwa Mbandaka mwaka 1906. Alipokuwa mtumishi huko Ikili, aliamriwa kuitupa skapulari yake. Hakuitupa wala hakuificha. Alipigwa mijeledi vibaya sana, akafa kwa vidonda tarehe 15 Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994. Huyo aliungama kwa mgongo wake.

Basi, ndugu, mtu akiungama Jumamosi mbele ya padri, na Jumatatu akamkana jirani yake deni, bado hajajua uzito wa neno alilolitamka. Siri ya kitubio humfunga padri asiseme. Haitufungi sisi tusirudishe mali ya mwenzetu.