Mfenesi: Mti wa Misitu ya Mvua Unaofaa Kupandwa Kandokando ya Ziwa Victoria

Mfenesi, unaojulikana kitaalamu kama Artocarpus heterophyllus, ni mti wa matunda wenye asili ya misitu ya mvua ya kusini magharibi mwa India. Umo katika familia moja na mshelisheli, mforosadi na mkuyu. Nchini Tanzania hulimwa Zanzibar, Tanga, Morogoro na Kagera, na katika Mkoa wa Mwanza hupandwa kuzunguka makazi.

Mfenesi huzaa kwenye shina na matawi makubwa, kwa kuwa tunda moja huweza kuzidi kilo 30. Tunda bichi hupikwa kama mboga, bivu huliwa lilivyo, na mbegu huchemshwa au kuchomwa. Mbao zake za rangi ya manjano hazishambuliwi kwa urahisi na mchwa, hivyo hutengenezewa samani.

Uotaji

Mbegu za mfenesi hazihifadhiki: zikikauka hupoteza uwezo wa kuota. Zinapaswa kuoshwa utelezi na kupandwa zikiwa mbichi, ndani ya siku chache baada ya tunda kupasuliwa. Kwa kuwa mzizi mkuu hudhurika upesi, mbegu huoteshwa kwenye viriba na mche kuhamishwa ungali mdogo, au hupandwa moja kwa moja shambani. Mti wa mbegu si lazima uzae matunda yanayofanana na ya mti mama. Anayetaka uhakika wa ubora hutumia miche ya kubebesha, ambayo pia huzaa mapema zaidi.

Mahali pa kupanda

Mti huu hauvumilii maji yaliyotuama, hivyo mabonde na tingatinga za ufukweni hazifai. Miche ipandwe mwanzoni mwa mvua za vuli au masika, kwa nafasi ya mita 8 hadi 12, na imwagiliwe katika kiangazi cha Juni hadi Agosti.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Shamba la mifenesi, kama mashamba mengine, lianzishwe nje ya eneo hilo. Kwenye miteremko iliyo juu yake, mizizi ya miti hii husaidia kushika udongo ambao mvua ingeusomba hadi ziwani.

Mwananchi asiye na hakika ya mpaka wa mita 60 anashauriwa kuwasiliana na ofisi ya kijiji au mtaa kabla ya kuchimba mashimo.