Mashine ya kuchua misuli na kiuno cha ngoro

Jamani, mdogo wangu aliyeko Dar anataka kumnunulia mama mashine ya kuchua misuli, ile yenye umbo la bunduki. Mama yuko Mbinga, analima ngoro. Nimetumiwa picha za mashine nne, eti nichague. Mimi nikaanza na historia.

Kwa asiyejua, ngoro ni mashimo ya kilimo kwenye miteremko ya Umatengo, milima inayoshukia Ziwa Nyasa upande wa Mbamba Bay. Karne ya 19 vita vya Wangoni viliwasukuma Wamatengo juu huko, kwenye mteremko mkali na mvua nyingi. Wakabuni dawa yake. Wanaume hukata nyasi na kuzilaza kwa miraba, kisha wanawake huchimba katikati na kuzifukia kwa udongo. Shimo linazuia maji, nyasi zinaoza kuwa mbolea. Wasomi wa udongo wameisifu sana teknolojia hii. Kiuno cha mwanamke aliyeinama na jembe hawakisifu sana. Hicho hukandwa jioni kwa maji ya moto, na mtoto aliye karibu ndiye huitwa kuchua.

Wazungu nao walichoka kutumia mikono zamani. Gustav Zander alifungua taasisi Stockholm mwaka 1865, akaijaza mashine za mazoezi, nyingine za kutikisa na kugonga mwili. Miaka ya 1880 daktari wa London, Joseph Mortimer Granville, akatengeneza kinyundo cha umeme cha kugonga misuli na neva. Hii ya leo ilizaliwa Marekani baada ya Jason Wersland kuumia kwenye ajali ya pikipiki mwaka 2007. Alijiundia ya kwanza kutokana na kifaa cha fundi, na Theragun ikaingia sokoni 2016. Kwa hiyo anayewaambia ni uvumbuzi mpya kabisa anauza maneno.

Inasaidia? Utafiti mmoja wa 2020 uligonga misuli ya shavu la mguu kwa dakika 5: kifundo cha mguu kilikunjika zaidi, nguvu haikuongezeka. Basi inalegeza, haimpi mtu mgongo mpya. Na mgongo unaouma huku miguu ikifa ganzi ni wa hospitali.

Kwenye kuchagua, msidanganywe na wingi wa kasi na vichwa. Ulizeni kichwa kinaingia kina gani: milimita 16 zinafika ndani, 10 zinatosha kwa mwili mwembamba. Ulizeni ukiikandamiza inasimama? Nyingi za bei poa husimama. Na isipitishwe juu ya mfupa wa uti wa mgongo, pembeni tu kwenye nyama.

Mama, alipoelezwa kwa simu, aliuliza jambo moja: kiunoni ataishika nani, maana mkono wake haufiki na watoto wote wako mjini. Ya tatu ina mpini mrefu. Nimesema tuchukue hiyo, na Februari tutume hela ya vibarua.