Ukoo G na historia ya saratani ya kurithi

Ukoo unaoitwa Ukoo G katika vitabu vya tiba ni miongoni mwa koo zilizochunguzwa kwa muda mrefu zaidi katika historia ya saratani. Habari zake zilianza mwaka 1895 mjini Ann Arbor, jimbo la Michigan, Marekani. Mwanamke mmoja, fundi wa kushona nguo, alimwambia Aldred Scott Warthin, daktari wa patholojia wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwamba atakufa mapema. Wakati huo alikuwa mzima, lakini ndugu zake wengi walikuwa wamekufa kwa saratani ya tumbo, ya utumbo au ya mji wa mimba, naye hakuona kwa nini yeye asalimike. Baadaye alikufa kwa saratani ya mji wa mimba, kama alivyosema.

Warthin hakuyachukulia maneno hayo kuwa hofu tu ya mwanamke huyo. Alianza kuuandika ukoo ule, mtu baada ya mtu, kuanzia kwa babu aliyehamia Michigan kutoka Ujerumani. Mwaka 1913 alichapisha alichokipata: kati ya wazao 48 wa babu huyo, 17 walikuwa wamekufa kwa saratani au wamepasuliwa kwa ajili yake. Kumi walishikwa na saratani ya mji wa mimba na saba ya tumbo. Nchini Ufaransa, mwaka 1866, daktari Paul Broca alikuwa amekwisha kueleza jinsi saratani ya matiti ilivyowaandama wanawake wa ukoo wa mkewe. Hata hivyo madaktari wengi hawakushawishika. Walidai kwamba ugonjwa ulioenea kiasi hicho unaweza kuwapata ndugu kadhaa kwa bahati mbaya tu, au kwa sababu wanakula na kuishi pamoja.

Karibu miaka hamsini baadaye kisa kilijirudia huko Omaha, jimbo la Nebraska. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Henry Lynch, daktari aliyekuwa bado mafunzoni, alimhudumia mgonjwa aliyeharibiwa na pombe. Mtu huyo alieleza kwamba anakunywa kwa sababu anajua atakufa kwa saratani, maana kwao wote hufa hivyo. Lynch na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, Anne Krush, wakawafuata ndugu wa mgonjwa, wakauliza nani aliugua nini, akiwa na umri gani, kisha wakahakiki majibu kwa kumbukumbu za hospitali. Majibu waliyaweka kwenye mchoro wa ukoo: mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, aliyeugua hutiwa weusi. Katika mchoro kama huo weusi hushuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, kizazi hata kizazi.

Mwaka 1966 Lynch alichapisha habari za koo mbili, mmoja wa Nebraska na mwingine wa Michigan. Kisha akakabidhiwa kumbukumbu za Warthin, na mwaka 1971 yeye na Krush wakatoa taarifa mpya ya Ukoo G. Maombi yake ya fedha za utafiti yalikataliwa kwa miaka mingi. Kukataliwa huko kuliwagharimu watu, kwa kuwa koo zenyewe zilikuwa zikijua habari hii tangu zamani, nao waliopaswa kuwasikiliza walichelewa. Mwaka 1990 wataalamu waliokutana Amsterdam waliweka kipimo cha kuutambua ugonjwa huu: ndugu watatu wenye saratani ya utumbo mpana, katika vizazi viwili, mmoja wao akiwa ameugua kabla ya miaka 50.

Chanzo kilijulikana mwaka 1993 na 1994, zilipopatikana jeni za MSH2 na MLH1. Seli inapogawanyika hunakili DNA yake yote, na katika kunakili hutokea makosa. Jeni hizo hutengeneza protini zinazoyakagua na kuyasahihisha. Aliyerithi nakala moja mbovu huitegemea ile nzima. Ikiharibika nayo ndani ya seli moja ya utumbo, makosa hurundikana hadi seli igeuke saratani. Ndiyo maana wenye hali hii, iitwayo sindromu ya Lynch, huugua wangali vijana. Hitilafu ya Ukoo G ilitambuliwa ndani ya MSH2 mwaka 2000.

Mwaka huohuo watafiti wa Finland walitoa matokeo ya kuzifuatilia koo za namna hii kwa miaka 15. Waliochunguzwa utumbo mpana kwa kamera kila baada ya miaka mitatu waliugua saratani ya utumbo huo kwa asilimia 62 pungufu kuliko wasiochunguzwa. Hakuna aliyekufa nayo miongoni mwao. Upande wa pili walikufa tisa.

Daktari anayeandika historia ya familia huuliza upande wa baba kama anavyouliza upande wa mama, hata kwa saratani za wanawake, kwa sababu baba anaweza kuipitisha hitilafu bila yeye mwenyewe kuugua. Kila mtoto ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Asiyeirithi hana cha kuwapitishia wanawe, na hatari yake ni sawa na ya watu wengine.