Taswira za Waimbaji wa Unguja

Mwendo wa kiasi cha kilomita 20 kaskazini ya Mji Mkongwe, ukishaipita Bububu, katika Mangapwani, kiko chumba kilichochimbwa ndani ya jiwe la matumbawe na kuezekwa mawe, nacho hunasibishwa na Mohammed bin Nassor al-Alwi na kusemwa kuwa kilificha watumwa baada ya Sultani Sayyid Barghash kuridhia, mwaka 1873, mkataba wa kuikomesha biashara ya watumwa baharini. Sayyid huyo huyo, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndiye aliyeleta wapiga taarabu kutoka Misri, akampeleka Mohamed bin Ibrahim Kairo ajifunze kupiga kanuni. Nayataja mambo haya mawili pamoja kwa kuwa sanaa iliyoletwa kumstarehesha Sultani na wageni wake ilikuja kutukuzwa na watoto wa waliokuwa watumwa, na taswira za hao ndizo zinazostahiki kuhifadhiwa mbele ya zote.

Ulaya, tangu Disdéri wa Paris alipopata hataza ya picha ndogo za kadi mwaka 1854, mashabiki walizikusanya sura za mafundi wa muziki, na iliyotiwa sahihi kwa mkono wa mwenyewe ilikuwa na thamani maradufu. Huku kwetu A. C. Gomes alikuwa na nyumba yake ya kupigia picha tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo kuta zake zimejaa sura za Unguja ya zamani. Lakini sahihi ni tunda la chuo, na chuo hakikuwafikia wote.

Mwimbaji Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kwenye mwaka 1880 au karibu yake, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, alikulia katika ufinyanzi, akichukua vyungu kichwani na kuvinadi njiani, na sauti yake ya kunadi ndiyo iliyomtangulia mjini. Hakufundishwa kusoma wala kuandika. Mashairi aliyashika kwa moyo. Mwaka 1928 alisafiri Bombay pamoja na kundi lake, ambamo walikuwamo Subeti bin Ambar, Budda Swedi na Mbaruk, wakatiwa katika santuri, na jina lake likapigwa chapa katikati ya sahani. Kwangu mimi chapa hiyo ndiyo sahihi yake, wala sioni mkusanyaji mwenye insafu atakayeidai nyingine. Alifariki tarehe 8 Julai 1950, na picha zake zilizobaki ni haba mno kwa mtu wa jaha ile.

Mwimbaji mwenzake Bi Kidude, aliyefariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013, alipigwa picha nyingi kupita kiasi, hasa baada ya tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005. Hao wawili hawapotei. Wanaopotea ni wale wa vilabu vya taarabu, wa Ikhwani Safaa iliyoundwa 1905 na wa Culture Musical Club ya 1958: mwenye udi, mwenye fidla, mwenye dumbaki, wamekaa safu kwa adabu, na nyuma ya picha hakuna hata herufi moja. Mjukuu humjua babu yake peke yake. Jirani wa babu hajulikani tena. Hasara hii inaniuma kuliko kukosa sahihi yoyote.

Basi mwenye picha ya namna hiyo ampelekee mzee angali hai, amtajie mmoja mmoja kutoka kushoto, majina yaandikwe kwa penseli laini upande wa nyuma, kwenye ukingo, kwani wino hupenya na kutokea usoni. Ikiwa unyevu wa masika umeigandisha na kioo cha fremu, isibanduliwe, maana rangi hubaki kwenye kioo. Ipigwe nakala ikiwa vile vile ilivyo, majina yaandikwe nyuma ya hiyo nakala, na fremu iondolewe kwenye ukuta unaovuja.